Lupu au funksheni: nani anaweka hesabu?

Zoezi lenyewe ni dogo. Umepewa neno, ondoa irabu zote, rudisha kinachobaki. "Kiswahili" itoke "Kswhl", "mtu" itoke "mt". Anayeanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu, huandika hivi:

```
def ondoa_irabu(neno):
    matokeo = ""
    for herufi in neno:
        if herufi not in "aeiouAEIOU":
            matokeo = matokeo + herufi
    return matokeo
```

Kisha anachungulia jibu la mwenzake na kukuta hili:

```
def ondoa_irabu(neno):
    return "".join(h for h in neno if h not in "aeiouAEIOU")
```

Majibu yote mawili ni sahihi. Neno lolote utakalotia, yanatoa kitu kilekile. Na hapo ndipo mabishano huanza. Mmoja atasema la kwanza ni la kitoto, eti siku hizi watu hawaandiki lupu. Mwingine atasema la pili ni mbwembwe tu. Wa tatu atadai la pili lina kasi zaidi kwa kuwa ni fupi. Mwanafunzi aliyekaa katikati anaondoka akiamini kuna njia ya kisasa na njia ya kizamani, na kwamba yeye kafundishwa ile mbovu. Karibu kila kinachosemwa katika ubishi huo kina kasoro, ila ili kuiona kasoro inabidi kwanza tuelewane maneno.

Uzi wa shanga

Stringi ni maandishi jinsi kompyuta inavyoyashika: alama moja baada ya nyingine, kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Herufi ni ushanga. Nafasi kati ya maneno nayo ni ushanga, tarakimu ni ushanga, hata ritifaa ya ng' ni ushanga. Kuhesabu huanzia sifuri, kwa hiyo katika "mtu" herufi m ni namba 0 na u ni namba 2.

Katika Python, Java na JavaScript, uzi huu ukishafungwa haufunguliwi tena. Huwezi kuchomoa ushanga mmoja ukachomeka mwingine. Ukiandika `neno[0] = "M"`, Python inakataa palepale na kukupa TypeError. JavaScript, usipowasha hali yake kali, inanyamaza na kuliacha neno kama lilivyokuwa, na kwangu kosa linalonyamaza ni baya kuliko linalopiga kelele. Kila tunachokiita badiliko ni uzi mpya uliotungwa upya. Ndiyo maana `neno.replace("a", "")` ikisimama peke yake kwenye mstari haionekani kufanya kitu: uzi mpya umetungwa kweli, ila hakuna aliyeupokea.

Lupu, ambayo wengine huiita kitanzi au mzunguko, ni agizo la kurudia hatua fulani mpaka vitu viishe au sharti litimie. Kigeu ni jina lililopewa thamani, na thamani hiyo yaweza kubadilika njiani. Katika jibu la kwanza, `matokeo` ni kigeu. Funksheni ni kipande cha msimbo kinachopokea kitu na kurudisha kitu. Mpaka hapo pande zote mbili zinaitumia, maana hata jibu la kwanza limefungwa ndani ya `def`.

Mtindo wa funksheni unakwenda hatua moja mbele. Funksheni yenyewe inakuwa kitu cha kukabidhiana: unaipa funksheni nyingine kama unavyoipa namba au neno. Badala ya kumwambia msaidizi wako "chukua ushanga wa kwanza, utazame, kama ni mwekundu uweke kando, haya sasa wa pili," unampa chujio na kumwambia apitishe shanga zote humo. Vyombo vinavyotajwa sana ni vitatu. `map` hubadilisha kila ushanga kwa kanuni moja, na vinavyoingia vitano vinatoka vitano. `filter` huchuja bila kugusa umbo la vinavyobaki. `reduce` hukunja uzi mzima ukawa kitu kimoja, kwa mfano idadi ya irabu zote.

Hakuna kati ya hivi kilicho fasheni ya juzi. Fortran, iliyowazoesha wengi kuandika lupu, ilitoka mwaka 1957. Lisp, ambamo funksheni hukabidhiwa funksheni nyingine, ilianzishwa na John McCarthy mwaka 1958, na mizizi yake ya kihisabati iko katika kazi ya mwanahisabati Alonzo Church ya miaka ya 1930. Kwa hiyo mitindo hii miwili imepishana kwa mwaka mmoja hivi. Kilichochelewa ni lugha nyingine kuupokea huo wa pili. Java, kwa mfano, iliupokea rasmi katika toleo la 8, mwaka 2014.

Lupu haikuondoka, imehamia kwingine

Tuitazame lupu ikifanya kazi polepole, kwa neno "mtu". Kabla ya yote, `matokeo` ni stringi tupu. Inaingia m, si irabu, `matokeo` yanakuwa "m". Inaingia t, yanakuwa "mt". Inaingia u, ni irabu, inarukwa. Herufi zimeisha, "mt" inarudishwa.

Katika mwendo huo mfupi aliyeandika amebeba mambo manne kichwani: kigeu kianze na nini, kiongezwe lini, kiongezwe upande upi, na kirudishwe lini. Kila moja lina kosa lake. Ukiteleza ukaandika `matokeo = ""` ndani ya lupu, kigeu kinafutwa kila herufi inapoingia, na mwishoni unabaki na herufi ya mwisho tu, tena kama si irabu. Kwa kuwa maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, utapata stringi tupu neno baada ya neno na kushinda ukilikagua sharti la `if` ambalo halina kosa lolote. Ukiisogeza `return` ikaingia ndani ya lupu, kazi inakatika kwenye herufi ya kwanza na "Kiswahili" inatoka "K". Ukigeuza ukaandika `herufi + matokeo`, neno linatoka kinyumenyume: "lhwsK".

Sasa rudi kwenye jibu la pili. Maswali yale manne hayamo. Lakini kazi haijapungua: herufi bado zinapitiwa moja moja, na ndani ya `join`, inayounganisha vipande kuwa stringi moja, kuna lupu iliyoandikwa kwa lugha ya C. Kilichobadilika ni nani anaweka hesabu. Kwenye lupu unaiweka wewe. Kwenye mtindo wa funksheni umemwachia aliyeandika `join` na `filter`, mtu ambaye msimbo wake umeshajaribiwa na wengi kabla yako. Huo ndio ubora wenyewe wa mtindo huu, na kwa maoni yangu unatosha. Hauhitaji kuongezewa sifa za uongo kwamba "hauna lupu".

Mtu makini atauliza: mbona jibu la pili nalo lina neno `for`? Ni kweli. Likiandikwa kwa vyombo vya mtindo wa funksheni tupu lingekuwa hivi (`lambda` ni funksheni ndogo isiyopewa jina):

```
"".join(filter(lambda h: h not in "aeiouAEIOU", neno))
```

Umbo lile lenye `for` ndani ya mabano ni la katikati. Linataja unachotaka, halitaji hatua za kukifikia, na hakuna kigeu kinachobadilishwa mkononi mwako. Python imelipendelea umbo hilo kwa muda mrefu. Guido van Rossum, aliyeianzisha lugha hiyo, aliandika mwaka 2005 kwamba angependa `map`, `filter`, `reduce` na `lambda` ziondolewe kabisa. Hazikuondolewa, Python 3.0 ilipotoka mwaka 2008, ni `reduce` pekee iliyohamishwa, ikapelekwa kwenye maktaba ya `functools`. Ndiyo maana mafunzo ya zamani yanayoitumia bila kuiagiza kutoka huko hugoma leo.

Makosa hubadilika sura

Kuna imani kwamba ukiandika kwa mtindo wa funksheni makosa yanaisha. Yale manne ya juu kweli yanaisha, na pamoja nayo linaisha hili la tano linalowaumiza watu sana: kuipunguza orodha huku unaipitia.

```
herufi = list("baab")
for h in herufi:
    if h == "a":
        herufi.remove(h)
print("".join(herufi))
```

Ungetarajia "bb". Kinachotoka ni "bab". Fuata kwa kidole. Lupu inasoma namba 0, ni b, inaendelea. Inasoma namba 1, ni a, inaitoa. Orodha sasa ni b, a, b, na ile a ya pili imesogea kushika namba 1. Lupu haijui kilichotokea, inakwenda namba 2, inakuta b, inamaliza. Ile a ya pili haikutazamwa hata mara moja. `filter` haiwezi kufanya kosa hili kwa sababu haigusi uzi wa zamani, inatunga mwingine.

Ila inakuja na makosa yake. La kwanza ni kusahau `join`. Katika Python 3, `filter` na `map` hazirudishi maandishi wala orodha. Zinarudisha ahadi ya kuchuja pale utakapohitaji. Ukichapisha ahadi hiyo utaona kitu kama `<filter object at 0x...>` na kudhani programu imeharibika. La pili ni baya zaidi kwa sababu linanyamaza: ahadi hiyo hutimizwa mara moja tu. Ukihesabu herufi zake kwanza kisha ukajaribu kuziunganisha, hesabu itakuwa sahihi na stringi itakuwa tupu. Chujio limeshamimina kila kitu mara ya kwanza. Ukihitaji kuzipitia mara mbili, ziweke kwenye `list` kwanza.

La tatu linatoka JavaScript, na hata wazoefu huangukia humo:

```
"10,20,30".split(",").map(parseInt)
```

Stringi inakatwa penye koma, kila kipande kigeuzwe namba. Jibu si 10, 20, 30. Ni 10, NaN, NaN, yaani vipande viwili vya mwisho "si namba". Sababu ni kwamba `map` ya JavaScript haikabidhi kitu kimoja. Inakabidhi kipande, namba ya nafasi yake, na orodha nzima. `parseInt` nayo hupokea vitu viwili: maandishi, na msingi wa kuhesabia. Kwa hiyo kipande cha kwanza kinasomwa kwa msingi 0, ambao huchukuliwa kama 10. Cha pili kwa msingi 1, usiokubalika. Cha tatu kwa msingi 2, ambamo tarakimu 3 haipo. Dawa ni kuandika `map(x => parseInt(x, 10))`, au `map(Number)`. Angalia kosa lilivyo: hukukosea hesabu, maana hukuiweka wewe. Ulikosea kujua aliyeiweka anakabidhi nini.

Kasi haiko kwenye mistari

Dai la kwamba mstari mmoja ni mwepesi kuliko mistari mitano halina msingi. Kompyuta haihesabu mistari. Kinachoigharimu katika kazi za stringi ni kunakili.

Kumbuka uzi ukifungwa haufunguliwi. Basi `matokeo = matokeo + herufi` maana yake ni kutunga uzi mpya wenye shanga zote za zamani na mmoja zaidi. Kwa stringi ya herufi 10,000 ambazo zote zinabaki, unaandika uzi wa ushanga 1, kisha wa 2, kisha wa 3, mpaka 10,000. Jumla ni herufi 50,005,000 zilizoandikwa ili kupata matokeo ya herufi 10,000. Ukizidisha urefu mara kumi, kazi inazidi takriban mara mia. `join` yenyewe hukusanya vipande kwanza, inajumlisha urefu wake, inaomba nafasi moja ya kutosha kwenye kumbukumbu, kisha inaandika kila herufi mara moja.

Hapa pana jambo linalowachanganya wanaojaribu kupima. Python ya kawaida, ile iliyoandikwa kwa C, ina ujanja: ikiona hakuna mwingine anayeutumia uzi wa zamani, hujaribu kuurefusha palepale badala ya kunakili. Kwa hiyo unaweza kupima lupu ya juu na kukuta haina ubaya wowote. Ujanja huo si ahadi ya lugha. Unapotea ukiuhifadhi uzi kwenye jina la pili, na hausaidii kitu ukiongeza herufi upande wa mbele badala ya nyuma. Mwongozo wa uandishi wa Python, PEP 8, unaonya waziwazi usiutegemee. Java ilitatua suala hilohilo kwa chombo maalumu, StringBuilder, kilichopo tangu toleo la 5 la mwaka 2004, ambacho ni uzi ulioachwa wazi mwishoni mpaka utakaposema umemaliza.

Na sasa geuza upande wa pili. Hii ni ya mtindo wa funksheni kabisa:

```
from functools import reduce
reduce(lambda a, h: h + a, neno)
```

Inageuza neno kinyumenyume, inapendeza kuitazama, na inanakili vilevile kama lupu mbaya. Kwa stringi ndefu itaburuta miguu. Ukiipa stringi tupu inaanguka kabisa, maana hakuna thamani ya kuanzia iliyotajwa. Tatizo la "kigeu kianze na nini" limerudi kupitia mlango wa nyuma. `neno[::-1]` inafanya kazi hiyohiyo kwa herufi chache na haina shida hizo mbili.

Lupu yenye orodha na `join` mwishoni ina mwendo mzuri tu: badala ya `matokeo = matokeo + herufi`, anza na `matokeo = []`, tumia `matokeo.append(herufi)`, na urudishe `"".join(matokeo)`. Badiliko hilo moja linaondoa kunakili kote. Kuhusu kuondoa irabu hasa, mwendo wa kasi zaidi huwa hauko upande wowote wa ubishi:

```
neno.translate(str.maketrans("", "", "aeiouAEIOU"))
```

Hii ni methodi, yaani funksheni inayoitwa kupitia stringi yenyewe, iliyokuja na Python, na mapitio yake yamo ndani ya C. Kabla ya kuchagua mtindo, ni vizuri kuuliza kama kazi yenyewe haijafanywa tayari na `replace`, `strip`, `split`, `upper` au ndugu zao.

Kuna utata mwingine mdogo kuhusu mabano ya mraba. Ndani ya `join`, `[h for h in neno]` huwa na kasi kidogo kuliko bila mabano, kwa sababu `join` inahitaji orodha kamili na ingeitengeneza hata hivyo. Lakini ndani ya `any`, inayouliza kama kuna hata kimoja kinachotimiza sharti, ni kinyume. `any(h.isdigit() for h in neno)` husimama inapokutana na tarakimu ya kwanza, ukitia mabano ya mraba, orodha nzima inajengwa kwanza ndipo iulizwe. Kwa neno fupi hutaona tofauti. Kwa faili lenye mamilioni ya herufi, tarakimu ikiwa mwanzoni, utaiona.

Herufi inapomtegemea jirani yake

Kuondoa irabu ni kazi ambayo kila herufi inaamuliwa peke yake. Hakuna haja ya kujua iliyotangulia wala inayofuata. Kazi za namna hiyo ndizo `map` na `filter` zilizaliwa kuzifanya, na sioni sababu ya kuandika lupu hapo isipokuwa unajifunza.

Mambo hugeuka pale jirani anapoingia. Chukua kazi ya kufupisha marudio: "aaabbc" iwe "a3b2c1". Ukiishika b ya pili, huwezi kusema chochote mpaka ujue ya kwanza ilikuwa nini na zimeshapita ngapi.

```
def fupisha(s):
    if not s:
        return ""
    matokeo = []
    sasa, idadi = s[0], 1
    for h in s[1:]:
        if h == sasa:
            idadi += 1
        else:
            matokeo.append(sasa + str(idadi))
            sasa, idadi = h, 1
    matokeo.append(sasa + str(idadi))
    return "".join(matokeo)
```

Hapa lupu inasomeka kama mtu anayesimulia anachofanya. Mstari unaosahauliwa ni ule `append` wa pili, baada ya lupu. Kundi huandikwa pale linapoingiliwa na herufi tofauti, na kundi la mwisho haliingiliwi na yeyote. Bila mstari huo "aaabbc" inatoka "a3b2", na kwa kuwa mwanzo wote ni sahihi, jicho linapita. Ukisahau pia ulinzi wa stringi tupu, `s[0]` italeta IndexError, kosa la kuomba nafasi isiyokuwepo.

Kazi hiyohiyo kwa `reduce` inakulazimu kubeba vitu vitatu mkononi kwa pamoja, yaani matokeo, herufi ya sasa na idadi, ukivifungasha na kuvifungua katika kila hatua. Inawezekana. Wapo wanaoifurahia. Anayekuja kuisoma baada ya miezi sita hafurahii, hata akiwa ni yuleyule aliyeiandika. Ila pana njia ya tatu, nayo ni kukuta mtu ameshaweka hesabu hiyo kwa ajili yako:

```
from itertools import groupby

def fupisha(s):
    return "".join(h + str(len(list(kundi))) for h, kundi in groupby(s))
```

`groupby` hukusanya vinavyofanana vilivyo jirani tu. "aabaa" inatoa "a2b1a2", si "a4b1", na aliyezoea neno hilo kutoka kwenye hifadhidata hushangaa. Stringi tupu haihitaji ulinzi wowote, kwani bila makundi hakuna cha kuunganisha.

Kusimama njiani nako kuna utata wake. Kwenye lupu unaandika `break`. Katika JavaScript, `forEach` haina mlango wa kutokea: `return` ukiiweka humo inakatisha zamu ya herufi hiyo moja, kisha zamu inayofuata inaendelea kama kawaida. Ukitaka kusimama, tumia `some` au `find`, au rudi kwenye `for`.

Ng'Ombe na ndugu zake

Kuna kundi la makosa ambayo mtindo wowote hauwezi kukuokoa nayo, kwa sababu yanatoka kwenye maandishi yenyewe. Andika `"ng'ombe".title()` kwenye Python. Utapata "Ng'Ombe". Methodi hiyo huona kila kisicho herufi kuwa ni mpaka wa neno, kwa hiyo ritifaa inahesabiwa kuwa neno limeisha na lingine limeanza. Anayeandika orodha ya majina au vichwa vya habari vya Kiswahili atalikuta kosa hili mapema sana.

Wengi hukimbilia `" ".join(w.capitalize() for w in sentensi.split())`. Ng'ombe anapona, lakini `capitalize` huzishusha herufi nyingine zote, na "UNESCO" inatoka "Unesco". Pia `split()` bila kitu ndani ya mabano hula nafasi za ziada: palipokuwa na nafasi tatu panabaki moja. Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni `w[:1].upper() + w[1:]` juu ya `sentensi.split(" ")`. Zingatia ni `w[:1]`, si `w[0]`. Nafasi mbili zikifuatana, `split(" ")` hutoa kipande kitupu katikati, na `w[0]` ya kipande kitupu ni IndexError, ilhali `w[:1]` inarudisha utupu kwa amani.

Vilevile tunachokiona kuwa alama moja si lazima kiwe ushanga mmoja. JavaScript ikikata kwa `split("")`, emoji nyingi zinapasuka vipande viwili visivyosomeka, kwa kuwa zimehifadhiwa kwa vizio viwili, `[...neno]` huzikata kwa usalama zaidi. Herufi é yaweza kuwa ushanga mmoja, au e ikifuatwa na alama ya mkazo inayojitegemea, na ukiligeuza neno kinyumenyume mkazo huo unaangukia herufi nyingine. Na ile ahadi ya `map`, kwamba vinavyoingia vitano vinatoka vitano, haimaanishi kwamba urefu wa stringi unabaki uleule: ß ya Kijerumani kwa herufi kubwa ni SS. Java inaonyesha hilo vizuri: `"straße".toUpperCase()` inatoa "STRASSE", lakini ukipitia herufi moja moja kwa `Character.toUpperCase`, ß inabaki ß, kwani chombo hicho kinaweza kurudisha herufi moja tu.

Kilicho ndani na kinachoonekana nje

Jambo moja hupotea kabisa kwenye ubishi huu. Wanaoutetea mtindo wa funksheni husisitiza, kwa haki, kwamba funksheni nzuri haiharibu kitu cha nje: ukiipa neno lilelile inarudisha jibu lilelile, na neno lako linabaki salama. Sasa itazame tena `ondoa_irabu` ya kwanza kabisa, ile ya lupu. Kigeu `matokeo` kinabadilika, ndiyo, lakini kinazaliwa na kufa ndani ya funksheni. Anayeiita hakioni. Kwa upande wake, funksheni hiyo ni safi sawasawa na ya pili.

Hii ina manufaa ya moja kwa moja. Unaweza kuandika kwa lupu leo, kisha ukabadilisha utumbo wake kesho bila kumgusa anayeiita, mradi majaribio haya yapite kabla na baada:

```
assert ondoa_irabu("") == ""
assert ondoa_irabu("aeiou") == ""
assert ondoa_irabu("mtu") == "mt"
assert ondoa_irabu("UA") == ""
assert ondoa_irabu("ng'ombe") == "ng'mb"
assert ondoa_irabu("a b") == " b"
```

La kwanza hukamata `reduce` isiyo na thamani ya kuanzia na `s[0]` isiyo na ulinzi. La tatu hukamata `return` iliyoingia ndani ya lupu na `matokeo` yanayofutwa kila zamu. La nne ni kwa anayekumbuka "aeiou" na kusahau herufi kubwa. Mawili ya mwisho ni kwa anayechuja kwa `isalpha`, ambayo hufuta ritifaa na nafasi pamoja na irabu bila kusema neno.